Namna ya Kumkalisha Mtu

Ruiru, 9 Februari 1958

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini wewe na mama mko wazima na vumbi la kiangazi halijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku hatujambo. Omar anakusalimu sana. Tangu shule zifunguliwe cherehani yake haipumziki, na jioni mguu wake unaendelea kukanyaga hata tukiwa tunakula.

Baba, sanduku lako la picha linafanya kazi. Ule mlango wa nyuma uliokuwa ukivujisha mwanga Omar ameuzibia kipande cha ngozi. Nimeliweka kwenye miguu yake mitatu nje ya duka, na ukutani nimetundika shuka jeupe. Mwanzo watu walipita wakiangalia tu. Waliposikia kwamba ni binti wa Mzee Salehe mpiga picha wa Thika, wakaanza kusimama.

Wanaokuja zaidi ni wanawake wa kwenye mashamba ya kahawa. Nilimwuliza mmoja kwa nini asiende kwa wapiga picha wanaume. Akasema, "Wao wanakushika kidevu." Nikaelewa. Mimi nikimnyooshea mtu kola au nikamrudishia kitambaa kichwani, hakuna anayekunja uso, hata mume wake akiwa amesimama pale pale.

Lakini kuna mambo yananishinda na nataka uniambie. La kwanza, kwa nini watu wanakufa mbele ya kamera? Anakuja mtu anacheka na kupiga hadithi. Nikiingiza kichwa ndani ya kile kitambaa cheusi na kumtazama kwenye kioo, amekwisha geuka gogo. Kang'ethe anayeuza makaa nilimwambia atulie kidogo tu, akanitazama kama ananisomea mashtaka. Akaniambia picha pekee aliyowahi kupigwa ni ya pasi ya serikali, na siku ile kulikuwa na askari nyuma yake.

La pili ni mikono. Hakuna anayejua pa kuiweka. Wananiuliza mimi, na mimi sijui.

La tatu, sura zinatoka nyeusi tii, macho hayaonekani, na shuka linang'aa kama bati. Nzioka, yule fundi wa mawe, alivaa shati jeupe jipya na akaazima baiskeli. Baiskeli ikatoka vizuri sana mpaka spoki unaweza kuzihesabu. Yeye mwenyewe hayupo.

Nimempa barua hii Zacharia wa lori la maziwa. Ukipata karatasi za picha, nitumie kwa mkono wake.

Mimi bintiyo,
Mishi

*

Thika, 16 Februari 1958

Mwanangu Mishi,

Waaleikum salaam, na marahaba. Tumefurahi kupata habari zenu. Kifua changu kipo, kinakohoa kikitaka. Mama yako ananituma nikuulize kama unakula, maana anasema nikikuachia ueleze mwenyewe utaandika habari za kamera mpaka karatasi iishe. Naona alikuwa anasema kweli.

Hilo shuka liondoe. Nani alikufundisha shuka jeupe? Jicho la sanduku ni pumbavu, linafuata cheupe kwanza. Tafuta blanketi la kijivu au khanga ya rangi iliyofifia. Watoe watu kwenye jua, waweke chini ya ukingo wa bati, waelekee upande wenye anga. Mwenye shati jeupe mvishe koti. Kama hana, si umeolewa na fundi wa nguo? Tundika koti moja kubwa na moja dogo, wote waliozaliwa Ruiru watatosha humo.

Mikono ipe kazi. Mwanamume ashike kofia, au kiti, au kola ya koti lake. Mwanamke akae kwenye ncha ya kiti, asikiegemee, magoti yaende upande huu na uso urudi upande ule. Mgongo wima. Kidevu usikiinue, ukiinua unapiga picha ya matundu ya pua. Viatu vikiwa vibovu, sogea karibu ukate miguu. Mtu akiwa na saa, mkono wenye saa uje juu. Usingoje akuombe, ataona haya kukuomba.

Kuhusu kufa mbele ya kamera, hilo nimelifikiria miaka yote niliyofanya kazi hii na bado silijui vizuri. Nadhani mtu akitazamwa na mtu, anajua anatazamwa na nani. Akitazamwa na sanduku, anatazamwa na kila atakayeishika ile picha, na wengine hajawahi kuwaona. Wewe mwulize picha inakwenda kwa nani. Akianza kukueleza, uso wake utamwendea huyo mtu. Hapo ndipo ufungue jicho.

Karatasi nimempa Zacharia. Zisipate jua.

Ni mimi baba yako,
Salehe

*

Ruiru, 20 Aprili 1958

Baba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mwambie nakula, na kwamba mvua imetuletea matope mpaka ndani. Omar mzima. Makoti mawili yapo kwenye msumari, yametoka kwenye picha nyingi kuliko mtu yeyote wa mji huu.

Swali lako nimelitumia. Namwuliza kila mtu, "Hii inakwenda kwa nani?" Wengine wanasema kwa mama, kwa mchumba, kwa kaka aliye Nairobi. Mmoja alisema haiendi popote, anataka kujiona tu. Huyo ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote.

Sasa nataka kukueleza habari ya Perez.

Perez ni mke wa Absalom Odhiambo, anayeendesha mashine ya kumenya kahawa kwenye shamba moja hapa karibu. Wametoka upande wa Kisumu. Ni mwanamke mrefu, mcheshi, na amekuwa rafiki yangu kwa sababu anapenda kuingiza kichwa kwenye kile kitambaa na kuona watu wamesimama kichwa chini. Ameolewa miaka sita na hajapata mtoto. Wiki zilizopita Absalom alipata habari kutoka kwao kwamba wazee wamechoka kungoja. Wamemwona msichana mwingine, na wakikubaliana mahari ya ng'ombe, huyo msichana ataletwa hapa hapa Ruiru.

Perez akaja dukani siku Omar amekwenda kununua vitambaa. Amevaa vizuri. Nikamwuliza swali letu, picha inakwenda kwa nani. Akasema, "Inakwenda kwa mama mkwe." Kisha akasema anataka nimpige akiwa na mimba.

Nilicheka, baba, nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Nikamwambia, "Perez, watu watakwenda kuamini."

Akasema, "Mimi sitaandika neno hata moja. Nitakaa tu. Watakachoona ni macho yao."

Nilifikiri kidogo. Kisha nikasema moyoni, Nzioka si alipigwa picha na baiskeli ambayo si yake? Na karani mmoja wa posta si alivaa koti la Omar? Basi nikakunja khanga mbili, nikaziweka ndani ya gauni lake, nikamkalisha kwenye ncha ya kiti kama ulivyonifundisha, mgongo wima, magoti upande. Nikamfunika shali mabegani ianguke mbele. Mikono nikampa kikapu ashike.

Nikamwuliza mama mkwe wake ni mtu wa namna gani. Akaanza kueleza kwamba anaitwa Aoko, ni mjane, anauza samaki, ana sauti kubwa, na siku Perez alipofika kwao kama bibi harusi mama huyo alimpa kuku mzima ale peke yake. Uso wa Perez ukalainika. Nikafungua jicho.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Absalom aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza akatazama nyuma yake, kisha akaitia kwenye bahasha bila kusema kitu. Hilo ndilo linalonishangaza. Unadhani alikuwa anafikiria nini?

Bintiyo,
Mishi

*

Thika, 27 Aprili 1958

Mishi,

Salamu. Sisi wazima.

Absalom alikuwa anafikiria kwamba hataki huyo msichana mwingine. Hilo si gumu.

Lingine ndilo gumu. Mimi sikuwa mtu wa kukupa kamera halafu nikuhubirie, kwa hiyo nitasema mara moja. Unalinganisha tumbo na koti, na umekosea. Mtu akipigwa picha na koti la kuazima, koti linarudi kwenye msumari na hakuna atakayekuja kulidai. Nimewavika watu wa Thika tai yangu miaka mingi, wala hakuna mtu aliyefika mlangoni kuuliza tai iko wapi. Lakini tumbo watu wanalingoja. Kila mwezi ukipita, ile picha inazidi kusema. Umeipeleka picha mahali ambapo itaendelea kuongea ninyi mkiwa hampo.

Mama yako amenisikia nikisoma na amesema nisikukaripie, kwamba yeye angefanya vivyo hivyo. Basi na hilo nimeliandika.

Shali ilikuwa wazo zuri.

Baba yako,
Salehe

*

Ruiru, 13 Julai 1958

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza miezi yote hii. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona haya kukuandikia kwamba mambo yanakwenda kama ulivyosema.

Mwanzoni yalikwenda vizuri. Habari ya yule msichana ilikatika kabisa. Kutoka kwao Kisumu zikaja salamu na unga wa mtama wa uji wa Perez. Akaja tena mtu na samaki wakavu. Perez alinigawia nusu, tukala.

Sasa Absalom amepata ujumbe kwamba mama yake anakuja mwenyewe kumpokea mtoto. Treni yake itafika Nairobi wiki ijayo na Absalom atakwenda kumchukua. Perez hali wala halali. Jana alikuja kuniuliza kama naweza kumshonea kitu cha kufunga kiunoni. Nikamwuliza, "Halafu siku ya kujifungua?" Akakaa chini pale pale kwenye ngazi.

Nifanye nini? Niambie upesi.

Mishi

*

Thika, 14 Julai 1958

Mwanangu,

Zacharia ananingoja nje, kwa hiyo sisalimu sana.

Usimshonee kitu. Mama huyo akifika, nenda wewe. Usimwachie Perez aseme peke yake. Sema ni wewe uliyemkalisha, ni wewe uliyezikunja khanga, maana ni kweli. Akikutukana, tukanwa. Akitaka kulivunja sanduku, mpe. Lilikuwa zee tangu mimi nilinunue.

Baada ya hapo niandikie. Hatutatulia mpaka tusikie.

Baba yako

*

Ruiru, 3 Agosti 1958

Baba na mama wapendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini mko salama. Sisi tuko salama, na sanduku ni zima. Nianze na hilo ili mama aache kusimama mlangoni.

Mama Aoko alifika. Nilimpa siku ya kupumzika, kisha nikaenda kwao, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, asubuhi, Absalom akiwa kazini. Nilimkuta ameketi kitandani, maana chumba ni kimoja na kiti hakuna. Ni mama mkubwa wa mwili, amevaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa na kitambaa cheupe kichwani, safi kama hakuwahi kupanda treni. Perez alikuwa amekaa chini, amejifunika shuka mpaka shingoni na chumba kilikuwa na joto la jiko. Mpaka saa ile mama mkwe alikuwa hajauliza kitu, naye alikuwa hajasema kitu.

Yule mama akanisalimu kwa Kijaluo. Perez akanitafsiria, nami nikajibu kwa Kiswahili, akamtafsiria. Tukasalimiana hivyo mpaka salamu zikaisha. Kisha nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyepiga ile picha. Lile tumbo ni khanga zangu mbili, nilizikunja mwenyewe nikaziweka ndani ya gauni. Perez hana mimba. Kama kuna wa kulaumiwa, nianze mimi."

Halafu nikamtazama Perez, atafsiri.

Baba, sijui kwa nini sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikwenda ili asiseme peke yake, na sasa maneno yale yote yalikuwa yapite kwenye mdomo wake. Alifungua mdomo, akaufunga. Mwishoni akasema kitu kifupi sana kwa Kijaluo.

Yule mama akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Wewe umesema mrefu. Huyu amenipa mfupi. Anasema wewe nauliza habari ya safari."

Mimi na Perez tukatazamana.

"Mimi nasikia Kiswahili," akasema. "Kisumu nauza samaki kwa Mhindi, kwa askari, kwa watu ya meli. Nitauza na mdomo gani?"

Perez akaanza kulia. Yule mama hakumwambia anyamaze wala hakumkaripia. Alivuta mkoba wake, akaitoa ile picha, akaiweka gotini na kunionyesha kwa kidole. Nitakuandikia alivyosema, ila siwezi kukiandika Kiswahili chake kama kilivyo.

Alisema siku ya kwanza alipoiona alijua ni nguo. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Ulimkalisha kama askari. Mwenye mimba hakai na mgongo huu. Na hizi mikono, nani amempa kikapu?" Baba, hapo nilisahau kuogopa. Nikamwomba anionyeshe. Akajivuta kwenye ukingo wa kitanda, akatanua magoti, akaegemea nyuma kidogo, mkono mmoja ukaenda mgongoni na mwingine ukaingia chini ya tumbo kama anabeba kitu kizito asichotaka kukiamsha. Na kweli, nilimwona ana mimba, mama yule wa mvi. Perez mwenyewe aliacha kulia akatazama.

Nikamwuliza, "Kama ulijua, kwa nini hukusema?"

Akasema mume wake naye aliletewa mke wa pili, yeye akiwa na mtoto mmoja tu, huyo Absalom, na wa pili amekawia. Akasema hakuna aliyemwuliza, aliambiwa tu afagie ile nyumba nyingine, ya yule mke mpya. Hivyo alipoiona picha alifikiri kidogo, kisha akaibeba mwenyewe mpaka kwa wazee, akawapa mkononi mmoja mmoja. Wakanyamaza. Alipoona miezi inakaribia kutimia, akajua lazima mtu aje Ruiru arudi na habari. Akaona bora awe yeye.

"Nitawaambia mtoto hakukaa," akasema. "Hiyo hutokea. Mzee hawezi kuniuliza mambo ya wanawake mara mbili."

Nilimtazama Perez. Alikuwa ananitafsiria polepole, neno kwa neno, maneno ambayo nilikuwa nimekwisha yasikia kwa Kiswahili. Alipofika mwisho ndipo akagundua.

Kisha yule mama akasema, "Sasa nataka ingine. Na mimi nitasema nani akae wapi."

Tulikwenda dukani wote watatu. Omar alitoa kiti. Nilitaka kumvisha lile koti kubwa kwa sababu ya gauni jeupe, akakataa, akasema wanawake wenzake wa kanisani wataona haya. Basi nikamsogeza ndani zaidi ya kivuli nikaomba Mungu. Akakaa katikati ya kiti, akatandaza gauni mpaka kiti chote kikafichika. Akamsimamisha Perez nyuma yake, karibu kabisa, hivi kwamba kuanzia kifuani kwenda chini huoni kitu ila mama mkwe. Tumbo la Perez, kama lipo au halipo, liko nyuma ya mgongo wa mama Aoko.

Nikauliza swali letu. Picha inakwenda kwa nani?

"Kwa wazee," akasema. "Nataka waone mimi nimekaa hapa. Wakitaka kumfikia huyu, wapite hapa."

Nikawaambia watulie. Perez hakutulia, alikuwa anamtazama yule mama kutoka juu, nami sikumrekebisha. Nilifungua jicho.

Usiku wa kuamkia safari ya mama Aoko, Perez alimpikia kuku. Absalom amemrudisha Nairobi jana akapande treni. Ile picha ya kwanza alimwachia Perez, naye sijamwuliza ameiweka wapi.

Nakutumia nakala ya hii ya pili. Niambie makosa yake.

Bintiyo,
Mishi

*

Thika, 10 Agosti 1958

Mwanangu Mishi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Mama yako amekaa kiti cha wateja barua yako mkononi tangu adhuhuri, na kazi imesimama.

Makosa ni haya. Gauni limeng'aa kupita kiasi, kwa hiyo mikunjo yake haionekani. Umekata kiwiko cha aliyesimama. Na huyo aliyesimama hatazami kamera. Ningekuwa mimi ningemwambia atazame, na ningekuwa nimeiharibu.

Nimeifikiria sana. Ile ya kwanza ilisema uongo, hilo tumekubaliana. Hii haisemi kitu chochote ambacho si kweli, na bado inakwenda kusaidia uongo mwingine. Sijui niiite nini. Nimekuwa mpiga picha tangu hujazaliwa na swali hili hakuna aliyewahi kuniletea.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Niliibandika kwenye dirisha la studio, bila maelezo, kuona watu watasema nini. Nilikaa ndani nikisikiliza. Wengi walisema, mama ana nguvu huyu. Mmoja aliuliza gauni limeshonwa wapi. Hakuna aliyeuliza habari ya tumbo, wala ya mtoto, wala ya nani ameolewa na nani. Jana akasimama mwanamke mmoja wa sokoni, kapu kichwani, akaitazama mpaka nikatoka nje kumsalimu. Akaniambia, "Huyu binti amefanana na mama yake."

Sikumsahihisha.

Baba yako,
Salehe